Makangaga ya Kivulini: Namna ya Kufunika Ardhi Ambayo Nyasi Zimeikataa

Chini ya mti mkubwa nyasi hukonda, hupandwa upya, kisha hukonda tena. Hata nyasi ya Pemba, inayovumilia kivuli kuliko nyingi zinazouzwa Kenya na Tanzania, hubaki viraka viraka penye giza la mwembe au kwenye ubavu wa nyumba usioona jua. Mahali kama hapo pana mmea wake, nao ni kangaga. Halitoi ua wala mbegu. Huzaa kwa spora laini kama vumbi, na mengi huenea kwa shina la chini linalotambaa. Ukifika kitaluni sema “feni”, maana wauzaji wengi hulijua kwa jina hilo la Kiingereza, ingawa mmoja wawili watadhani unatafuta pangaboi.

Maelezo haya yanahusu zaidi bustani za nyanda za juu, kuanzia Limuru na Karen hadi Arusha, Moshi, Lushoto, Iringa na Mbeya. Pwani aina hubadilika, na tutazitaja. Makangaga yanayokusudiwa hapa ni yale sugu ya kufunika ardhi, si yale ya kubembelezwa kwenye chungu sebuleni. Yakishashika hudumu miaka mingi kwa kazi ndogo. Lakini mengi hufa kabla ya kutimiza mwaka, na mara chache muuaji ni ugonjwa. Kwa kawaida mmea ulifukiwa moyo, yaani pale majani machanga yanapochomoza, siku ya kupandwa, au uliachwa bila maji katika kiangazi cha kwanza kwa dhana kwamba penye kivuli pana unyevu.

Pima kivuli kabla ya kununua mche

Kivuli si kimoja. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe chini na unyooshe mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikiwa cheusi chenye kingo kali, hapo pana jua mno. Kikionekana lakini kingo zimefifia, hapo ndipo penyewe. Usipoona kivuli chochote, ni giza: makangaga yataishi, lakini yatatoa majani machache yenye vikonyo virefu na hayatafunga ardhi. Dawa ya giza ni kupogoa matawi ya chini ya mti mpaka mwanga wa pembeni uingie. Mbolea haina msaada hapo.

Rudia kipimo hicho saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Jua la asubuhi hadi kama saa nne aina nyingi sugu hulivumilia. Jua la alasiri, hata la muda wa saa mbili tu, huunguza.

Kuna jambo ambalo watu wa karibu na ikweta husahau: kivuli cha ukuta huhama kwa msimu. Nairobi, mwezi Juni, jua la saa sita huinama kaskazini kwa digrii karibu 25, na mwezi Desemba huinama kusini kwa digrii karibu 22. Ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha kama mita 1.4 tu upande wa kusini mwezi Juni, na ifikapo Desemba upande huohuo unapigwa na jua la mchana. Kwa hiyo makangaga yaliyopandwa Juni kwenye “kivuli cha kudumu” cha ukuta wa kusini huja kubabuka Januari, mwenye nyumba akalaumu maji. Mbeya jua hukaa kaskazini kama miezi minane ya mwaka, na miezi linapohamia kusini huwa ya mvua na mawingu, basi ubavu wa kusini huko ni salama zaidi. Nairobi na Arusha, panda kwenye ukuta wa kusini ikiwa tu kuna mti au paa lililotokeza la kusaidia.

Kisha pima unyevu. Siku tano baada ya mvua kubwa chimba sentimita 10, chukua udongo, ufinye kiganjani. Ukishikamana, una kivuli chenye unyevu na uwanja wa kuchagua ni mpana. Ukimwagika kama unga, una kivuli kikavu, ambacho ndicho cha kawaida chini ya miti, kwa sababu matawi huzuia mvua na mizizi hunywa ile inayopenya.

Mwisho, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, yaishe, ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikaa zaidi ya saa nne, inua tuta sentimita 20 hadi 30. Udongo mweusi unaopasuka, ule wa Athi River, Syokimau na Kitengela, karibu wote unahitaji tuta la namna hiyo. Udongo mwekundu wa Kiambu au wa miteremko ya Kilimanjaro hauhitaji.

Chagua aina kwa mahali

La kwanza kufikiriwa ni Nephrolepis cordifolia. Majani yake husimama kama panga jembamba, urefu wa sentimita 40 hadi 80. Huenea kwa marando membamba kama yale ya viazi vitamu, na mizizini hubeba vinundu vya mviringo vyenye magamba, ukubwa wa njugumawe, ambavyo ni akiba ya maji. Vinundu hivyo ndivyo vinavyolifanya livumilie kivuli kikavu kuliko mengine yote yatakayotajwa hapa. Ndugu yake Nephrolepis exaltata, lenye majani yanayoinama na linalopendwa kwenye vyungu vya kuning’inia barazani, halina vinundu. Vitaluni huchanganywa. Ng’oa mche mmoja kwenye kiriba uangalie mizizi: vinundu vikiwapo, ni cordifolia. Mche mchanga sana unaweza kuwa bado hauna, basi mwombe muuzaji akuonyeshe mmea mama.

Wema wa cordifolia ndio ubaya wake. Haliheshimu mipaka. Florida na Afrika Kusini limeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi. Usilipande karibu na kijito, korongo au ukingo wa msitu, na hata ndani ya ua lizungushie kizuizi cha bati, tofali au plastiki nene kilichozama sentimita 20. Marando hupita juu juu, hivyo acha kizuizi kitokeze sentimita 5 juu ya ardhi.

Asiyetaka mmea wa kukimbizana nao achukue Cyrtomium falcatum. Majani yake ni mazito, yanang’aa kama yamepakwa mafuta, na mmea hukaa kama kichaka cha sentimita 40 hadi 60 bila kutambaa. Hufunika ardhi kwa sababu umeipanda karibu karibu, si kwa kuenea, kwa hiyo miche huwa mingi. Kwenye maeneo ya sakitu kama Njombe na Kinangop ndilo la kuaminika zaidi. Nephrolepis huko huungua majani Julai, ingawa huchipua tena kutoka chini.

Rumohra adiantiformis, lile jani gumu la pembetatu linalotiwa kwenye mashada ya maua, hukua polepole lakini hukulipa, kwa sababu jani lililokatwa hudumu wiki moja hadi mbili kwenye chombo cha maji. Lina shina nene lenye manyoya ya kahawia linalotambaa juu ya udongo. Likumbuke shina hilo, tutalirudia kwenye kupanda.

Penye unyevu wa kweli, karibu na bomba la kunawia au mfereji wa maji ya paa, Adiantum lenye vikonyo vyeusi vyembamba ni zuri kuliko yote. Adiantum raddianum ndilo utakalolipata vitaluni kwa urahisi. Usilipeleke chini ya mti. Likikaukiwa siku mbili majani hujikunja na kuwa kama karatasi, na ingawa mara nyingi huchipua likikatwa na kumwagiliwa, hakuna bustani inayopendeza kwa kufufuliwa kila mwezi. Penye udongo wa chokaa, mawe ya matumbawe au ufa wa ukuta wa saruji, Pteris vittata hukubali. Huenda tayari limeota lenyewe kwenye chemba ya maji taka bila kuombwa. Lina tabia moja ya kujua: hufyonza aseniki kutoka ardhini na kuilimbikiza majanini, jambo ambalo wanasayansi walilitangaza mwaka 2001. Masalia yake usiyatie kwenye mboji ya mboga ikiwa ardhi yako iliwahi kumwagwa dawa za kuogeshea ng’ombe za zamani au za kuhifadhia nguzo.

Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, mengi ya hayo huteseka kwa joto. Panda Phymatosorus scolopendria, kangaga la asili la misitu ya pwani lenye majani mazito yaliyochanika kama vidole, shina la kijani linalotambaa juu ya jiwe, gome au mchanga, na lisilochukizwa na matumbawe. Chini ya minazi na michikichi kwenye nafasi kubwa, Nephrolepis biserrata hutoa majani ya mita moja na nusu na zaidi. Kwa ua mdogo ni jitu, liache.

Yako ya kukwepa. Asparagasi ya bustani huuzwa kama feni kwa sababu majani yake ni mepesi kama manyoya, lakini si kangaga: lina miiba, maua na matunda, na hutaka mwanga zaidi. Kangaga la porini la milimani, Pteridium aquilinum, linalosimama peke yake bila kichaka na kujaa kwenye malisho yaliyochomwa moto, lina sumu iitwayo ptakwilosaidi, ambayo huwafanya ng’ombe wakojoe damu na kupata uvimbe wa kibofu. Likianza kujichomoza tutani, ling’oe mapema. Na usichimbe makangaga msituni. Kenya sheria ya misitu ya mwaka 2016, na Tanzania ile ya 2002, zinataka kibali cha kutoa mazao ya msitu. Makangaga yenye shina kama mti, ya jamii ya Cyathea, yako pia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka bila hati ni kosa. Hata tukiweka sheria kando, mmea uliozoea ukungu wa Usambara hufa bustanini Arusha ndani ya wiki chache.

Hesabu ya miche na mboji

Kwa Nephrolepis cordifolia nafasi ya sentimita 45 kila upande inatosha. Cyrtomium na Rumohra sentimita 40. Adiantum na Phymatosorus sentimita 30. Gawanya eneo kwa nafasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Eneo la mita za mraba 20 kwa sentimita 45 ni 20 ÷ 0.2025, yaani miche 99. Kwa sentimita 40 ni 125, na kwa sentimita 30 ni 222. Tazama jinsi hesabu inavyoruka: sentimita 15 tu za pungufu zimezidisha gharama mara mbili na zaidi. Panda kwa mistari ya kupishana ili jani la mmea mmoja lijaze pengo la wenziwe wawili, na ongeza miche 10 ya akiba iliyokaa kivulini kwa ajili ya kuziba pengo.

Mboji: tabaka la sentimita 5 ni lita 50 kwa mita ya mraba, sawa na madebe mawili na nusu ya lita 20. Mita 20 za mraba zinataka madebe 50. Majani ya miti yaliyooza mpaka yakawa meusi na kuvunjika kama makombo ndiyo bora kuliko chochote. Hayo yakipungua, changanya nusu kwa nusu na samadi ya ng’ombe iliyooza miezi isiyopungua mitatu, au maganda ya kahawa yaliyooza, ambayo Moshi na Kiambu hupatikana kwa urahisi. Samadi ya kuku ni kali, iache. Vumbi la mbao bichi hunyonya naitrojeni ya udongo wakati linaoza, na majani ya makangaga huwa njano kwa miezi. Makangaga mengi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5, basi majivu ya jikoni na chokaa visitiwe kabisa.

Kuandaa ardhi

Anza mwezi mmoja na nusu kabla ya mvua. Kazi kubwa ni sangari na ndago. Tumia jembe uma, si jembe bapa, maana jembe bapa hukata mizizi ya sangari vipande, na kila kipande huwa mche. Okota kila uzi. Mwagilia, ngoja wiki tatu, okota yaliyochipua. Ngoja wiki mbili, rudia. Anayeruka hatua hii atakuwa akivuta sangari kutoka katikati ya makangaga kwa miaka mitatu ijayo, na ndago ataishi nayo.

Chini ya mti taratibu hubadilika. Usilime eneo zima. Mparachichi hasa hubeba mizizi yake ya kulia chakula juu juu, na ukiikata mti huangusha matunda au hukauka matawi. Usikate mzizi wowote unaozidi unene wa kidole gumba. Tengeneza mashimo ya sentimita 25 kwa 25 katikati ya mizizi, jaza kila shimo nusu udongo wake nusu mboji, na ikiwa mzizi umeziba, sogeza shimo. Mistari iliyopinda haionekani makangaga yakishafunga. Usiongeze udongo zaidi ya sentimita 5 juu ya mizizi ya mti, na acha sentimita 50 kuzunguka shina lake bila udongo mpya wala matandazo, la sivyo gome litaoza.

Chini ya mikaratusi usijisumbue. Maji yote huenda kwa mti, na majani yake yanayooza huzuia mimea mingine. Misaipresi ni karibu hivyohivyo. Grevilea, jakaranda na mwembe vinawezekana, kila kimoja kwa cordifolia.

Kupanda

Penye misimu miwili ya mvua, panda mwanzo wa masika, Machi mwishoni au Aprili, ardhi ikishalowa sentimita 20 kwenda chini. Vuli inafaa, lakini baada yake linakuja jua kali la Januari na Februari, ilhali baada ya masika hufuata miezi ya baridi ambapo mmea hujenga mizizi bila kunyonywa maji. Iringa, Njombe na Mbeya, penye msimu mmoja, panda Desemba ili uwe na miezi minne ya mvua mbele yako. Chagua siku ya mawingu au anza saa kumi alasiri.

Huhitaji kununua miche yote. Kichaka kimoja kikubwa cha Nephrolepis hutoa miche 8 hadi 15. Kimwagilie usiku wa kuamkia kazi, kata majani yote nusu, kichimbue na kukipasua kwa panga kali. Kila kipande kiwe na majani yasiyopungua matatu na mizizi yake. Kifungie kwenye gunia bichi mara moja, kwa kuwa mizizi ya kangaga ikikaa juani robo saa imekwisha. Rando lenye mche mdogo ulioshika mizizi nalo hukatwa na kupandwa. Rumohra na Phymatosorus hukatwa vipande vya shina vya sentimita 10 hadi 15, kila kimoja kikiwa na ncha inayokua na walau majani mawili. Cyrtomium lenye moyo mmoja usilipasue, utaliua. Hilo nunua miche, au ngoja litakalojiotea kwa spora pembeni.

Sasa jambo lenyewe la kina. Makangaga hayapandwi kwa namna moja.

Nephrolepis na Cyrtomium zina moyo, mahali majani machanga yaliyojikunja kama konokono yanapochomoza. Moyo uwe sawasawa na uso wa ardhi, au nusu sentimita juu yake. Ukizama sentimita 2 au 3 maji husimama pale, moyo unaoza, na dalili hutokea mwezi wa pili: majani ya nje bado kijani, ya katikati meusi na laini. Kumbuka udongo uliochimbuliwa hushuka, basi ubonyeze kwa ngumi, umwagilie lita 2 kwa shimo, uangalie tena kina baada ya maji kuzama, na uinue mche ikibidi.

Rumohra na Phymatosorus shina lake halifukiwi kabisa. Lilaze juu ya udongo, ncha ikielekea upande ulio wazi, na ulibane kwa kipande cha waya uliokunjwa au kijiti cha mwanzi chenye umbo la V kilichogeuzwa. Mizizi itashuka yenyewe baada ya wiki nne hadi sita. Hili huwashinda watu wengi, kwa sababu mkono uliozoea mihogo na maua unataka kufukia.

Adiantum hutolewa kwenye kiriba na donge lake zima bila kutikiswa. Mizizi yake ni kama nywele na haisamehe.

Ukimaliza tandaza majani yaliyokatwakatwa sentimita 5, ukiacha duara la vidole vitatu kuzunguka kila moyo. Majani mazima ya mwembe au mparachichi hulaliana kama vigae na kuzuia mvua, yapondeponde kwanza. Penye mchwa weka matandazo membamba, sentimita 2, na uyaweke mbali na ukuta wa nyumba.

Na kuku! Udongo mpya wenye mboji kwao ni sahani. Kuku watatu huchimbua tuta la miche 50 asubuhi moja. Laza waya wa kuku juu ya tuta au matawi yenye miiba kwa miezi mitatu ya kwanza.

Maji ya mwaka wa kwanza

Kipimo ni lita 10 kwa mita ya mraba kila unapomwagilia, nusu debe. Mwezi wa kwanza, siku mvua isiponyesha, mara tatu kwa wiki. Mwezi wa pili na wa tatu mara mbili. Baada ya hapo mara moja kwa wiki, lakini ile lita 10 isipungue. Kunyunyizia kidogo kila siku hulowesha matandazo tu na kuiita mizizi juu, kisha ukisafiri siku nne kila kitu kinalala. Chini ya mti ongeza nusu, kwa kuwa mti unakunywa pamoja nawe. Mwagilia asubuhi chini ya majani ili yasilale mabichi usiku.

Mvua isikudanganye. Manyunyu ya nusu saa chini ya mwembe huishia majanini. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, na kikitoka kikavu, mwagilia hata kama barabara ina madimbwi.

Maji ya kisima yenye chumvi huunguza kingo za majani. Yakiwa ndiyo pekee uliyo nayo, mwagilia kwa wingi mara chache kuliko kidogo kidogo, na kinga maji ya paa kwa ajili ya kusafisha udongo kila mvua inaponyesha. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Ya kufulia yenye sabuni ya unga, hapana.

Ya miaka inayofuata

Kwa nafasi tulizotaja, cordifolia hufunga ardhi kwa mwaka hadi mwaka na nusu. Cyrtomium huchukua miaka miwili, Rumohra zaidi. Mpaka hapo magugu yang’olewe kwa mkono, kwani jembe hukata marando.

Mbolea ya dukani si lazima. Sentimita 2 za mboji mwanzo wa kila msimu wa mvua zinatosha. Ukiona ukuaji umedumaa, NPK 17:17:17 gramu 15 kwa mita ya mraba, kijiko kimoja cha chakula hivi, inyunyizwe kwenye udongo uliolowa na kufuatiwa na maji. Punje ikikaa juu ya jani au moyo huacha kovu jeusi.

Majani makuukuu hukatwa mwanzo wa mvua, usawa wa ardhi. Nephrolepis iliyochakaa yote inaweza kufyekwa ikabaki sentimita 5 hadi 10, na baada ya wiki nne hadi sita inakuwa mpya. Usifyeke mwanzo wa kiangazi, kwa kuwa majani makavu ndiyo mwavuli wa moyo. Cyrtomium usiifyeke, toa jani moja moja.

Watu huuliza habari ya nyoka. Kangaga halimwiti nyoka, lakini kichaka kizito huhifadhi vyura na panya, na nyoka hufuata chakula. Acha ukanda wa sentimita 60 wenye kokoto au vigae kati ya makangaga na mlango, na usiruhusu majani yapande ngazi.

Kitu kinapoharibika

Madoa ya kahawia chini ya majani ndiyo yanayoongoza kwa kumwagiwa dawa bure. Yakiwa yamejipanga kwa mistari, yenye ukubwa sawa, hayo si wadudu wala ugonjwa, ni vifuko vya spora. Kwa Nephrolepis yana umbo la figo, kwa Adiantum hujificha chini ya ukingo uliokunjwa, kwa Phymatosorus ni mviringo na huonekana kama vipele upande wa juu wa jani. Wadudu gamba hukaa ovyo ovyo, hasa kando ya mshipa mkuu na kwenye kikonyo, na ukucha ukiwakwangua hubanduka, mara nyingi na utomvu wa kunata. Hao wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mililita 5 za sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja. Kabla ya kunyunyizia eneo lote jaribu majani mawili na ungoje siku tatu, kwa sababu makangaga huungua kwa dawa ambazo waridi halihisi. Dawa za mafuta usizipeleke kwa Adiantum kabisa.

Kingo za kahawia kavu kwenye majani yote ni ukame, chumvi au mbolea. Kwenye majani ya upande mmoja tu wa tuta, tazama jua la alasiri. Mmea mzima wa kijani kilichopauka kuelekea njano, penye unyevu wa kutosha, ni mwanga mwingi au njaa ya naitrojeni: weka kitambaa cha kivuli wiki tatu kwanza, usipoona jani jipya la kijani ndipo uweke mboji. Michirizi ya kahawia iliyokatwa sawasawa na mishipa ya jani, kama imepigwa rula, ni minyoo midogo ya majani. Haina dawa rahisi nyumbani. Kata, choma, na usimwagilie tena kwa juu.

Katikati ya Nephrolepis nene kunapooza wakati wa mvua na utando kama wa buibui ukaonekana kwenye vikonyo, ni ukungu wa msongamano. Punguza theluthi ya mimea, ondoa matandazo pale, acha upepo upite. Majani yaliyotafunwa matundu usiku ni konokono na makoa. Weka maganda ya papai yaliyofunikwa chini jioni, uyainue alfajiri, uwaokote. Wale wakubwa wa gamba la kahawia ni wenyeji wa Afrika Mashariki na hawataisha, ila kuwaokota wiki mbili mfululizo mwanzo wa mvua hupunguza madhara mpaka majani yakomae na kuwa magumu kwao.

Kila mwaka wa tatu au wa nne cordifolia hujisonga lenyewe na kupauka katikati. Mwanzo wa masika chimbua viraka vya nusu mita, kimoja chukua kimoja acha kama ubao wa drafti, jaza mboji, na uache vilivyobaki virudi kujaza. Yaliyochimbuliwa mpe jirani au yaanike juani juu ya bati mpaka vinundu visinyae na kuwa vigumu kama kokoto, ndipo uyatie kwenye mboji. Kinundu kibichi kilichotupwa bondeni huota.